Miezi Tisa Juu ya Maji

Siku ya wageni haikosi kisirani chake. Tangu asubuhi Mama Adèle alikuwa amefuta vumbi la viti mara tatu, na mara tatu malori ya madini yalipita pale barabarani yakalirudisha lilipokuwa. Mwishowe alisalimu amri, akafunga madirisha yote, na sebule nzima ikawa jiko.

"Afazali tukufwe na joto kuliko batukute na buchafu," alisema, akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. "Abi! Umevaa kikwembe, ile kitenge nilikuambia?"

"Nimevaa, mama."

"Geuka nione."

Abigaëlle aligeuka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa darasa la tano pale Manika, mwanamke aliyezoea kunyamazisha watoto arobaini kwa jicho moja tu. Lakini jamani, siku hiyo vidole vyake hata kufunga kitambaa cha kichwa vilishindwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yeye alikuwa anakohoa mwili mzima.

Josias alikuwa amerudi. Miezi tisa alikuwa mbali, akifanya kazi kwenye meli moja kubwa ya watalii, na leo alikuwa anakuja na watu wake kujionyesha rasmi kwa wazazi wa mchumba. Kabla ya safari alikuwa akifua nguo kwenye kambi ya wachimbaji kule Fungurume. Wakala mmoja akapita akitafuta watu wa meli, na ndani ya wiki tatu Josias akawa ameondoka, kabla hata Tata Donatien, baba yake Abigaëlle, hajapata kumshika mkono. Tangu siku hiyo mzee alikuwa na wimbo mmoja tu: "Muntu wa bahari eko na bibi, na muke, ku kila port. Na simu haioe mutoto ya muntu."

Maana Abigaëlle alikuwa amependwa kwa simu. Kila Jumapili, baada ya misa, ujumbe wa sauti ulikuwa unaingia. "Abi wangu, sikia. Niko nasimama inje. Jua iko nazama, mayi imekuwa nyekundu sawa udongo ya kwetu. Sikia mawimbi iko nyuma yangu." Na kweli, nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo mzito, ukipanda, ukishuka, ukipanda tena. Mama Adèle alikuwa anafumba macho na kuweka mkono kifuani. Majirani walikuwa wanakuja na viti vyao. Huku kwetu Kolwezi, bara kabisa, bahari tunaijua kwa samaki tomsoni anayefika akiwa jiwe la barafu ndani ya katoni, basi. Sasa bahari yenyewe ilikuwa inanguruma ndani ya lupango la Mama Adèle, uani kwake, bure kabisa! Abigaëlle aliipeleka mpaka darasani. Aliwaambia wanafunzi wafumbe macho, akabonyeza simu, na watoto arobaini wakasikiliza bahari kwa heshima kama wako kanisani.

Tata Donatien peke yake alikuwa anainuka na kwenda kukaa nje kila simu ilipowashwa. Hakutaka kusikia.

Saa nane na nusu wageni wakaingia. Mbele alikuwa Tata Ntambwe, mjomba wake Josias, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa shibukombe, yaani mpeleka maneno ya ndoa. Nyuma yake vijana wawili na kreti tatu, za bia na za soda. Nyuma kabisa, Josias.

Alikuwa amepungua. Hicho ndicho alichokiona Abigaëlle kwanza kupitia upenyo wa pazia. Shati jeupe lilimpwaya mabegani. Halafu rangi yake! Badala ya kuunguzwa na jua la baharini, alikuwa amepauka kama mtu aliyetoka kulazwa hospitali. Josias aliinua macho mara moja tu, akaliona pazia, akaliona jicho nyuma ya pazia, akatabasamu. Kisha akainamisha kichwa haraka, maana ku buko, kwa wakwe, mwanaume hatupi macho ovyo.

Wazazi walikuwa wameketi na Shangazi Charlotte, dada yake Tata Donatien. Tata Ntambwe alikohoa, akaanza. "Tata Donatien, Mama Adèle, na dada Charlotte. Tulikuwa tunapita apa njiani. Tukaona mu hii lupango kuko moshi iko natoka muzuri, tukasema, kwetu moto ilizimika. Njo tumekuya kuomba moto."

"Moto iko," alisema Tata Donatien. "Lakini moto haipewe muntu hatujui. Atachoma nyumba."

"Njo tumemuleta mumujue."

Kreti ziliwekwa katikati ya sebule. Sasa, kwa watu wa familia ile kuna desturi isiyo na mjadala: chupa hata moja haifunguliwi mpaka binti aitwe, aulizwe mbele ya wote kama huyu mtu anamjua, naye ajibu kwa mdomo wake. Akisema namjua, watu wanakunywa. Akinyamaza, wageni wanabeba kreti zao. Na joto lile, madirisha yale yamefungwa, macho ya Tata Ntambwe yalikuwa yanazirudia zile chupa kila baada ya sentensi mbili.

Abigaëlle aliitwa, akaketi kwenye mkeka karibu na mama yake. Jibu alikuwa nalo mdomoni kwa miezi tisa. Mambo yangeisha ndani ya dakika tano kama si Mama Adèle na fahari yake.

"Tata," alimwambia mumewe, "mbele ya kumuuliza mutoto, sikiliza basi, ata leo tu. Bageni nao basikie. Abi, tia bahari."

"Mama, haiko lazima..." alianza Josias.

Sauti yake ilikuwa na kitu ndani. Abigaëlle alikisikia, lakini kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

*Abi wangu, sikia. Leo mawimbi iko na nguvu...*

Mngurumo ukajaa sebuleni. Shangazi Charlotte akatikisa kichwa kwa utamu. Tata Ntambwe akasahau kiu. Tata Donatien yeye alikuwa ameketi wima, uso umefungwa. Kisha, taratibu, akakunja shingo na kulisogeza sikio.

"Ongeza sauti."

Abigaëlle akaongeza.

"Rudisha nyuma. Apo. Acha."

Sasa umjue Tata Donatien. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe ya shaba. Mashine ikiugua, waliitwa mainjinia, wakishindwa aliitwa yeye. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye sikio lake, anafumba macho, kisha anasema, "Ni ile ya kushoto," na inakuwa ile ya kushoto. Sikio lile halijawahi kumdanganya.

"Hii haiko bahari," alisema. "Hii ni mashini. Inazunguka, inapunguza, inabadilisha upande. Na haziko moya, ziko nne ao tano. Moya yake roulement, ile beringi, imekwisha. Munasikia? Ka-ka-ka. Chuma juu ya chuma."

Ujumbe uliendelea peke yake, ukisema jua iko nazama, mpaka Abigaëlle akauzima.

Shangazi Charlotte ndiye aliyeanza, kama kawaida yake. "Sasa alikuwa wapi? Eh? Mu usine gani, kiwanda gani? Ao mu gereza? Myezi tisa, we kijana, kwa bibi ya nani?"

"Dada Charlotte, pole pole," alisema Tata Ntambwe.

"Usinipoleze! Bahari gani iko na roulement?"

Josias alikuwa ametazama sakafu. Alipoinua uso hakumtazama shangazi wala mzee, alimtazama Abigaëlle, na macho yake yalikuwa yanamwomba radhi kabla mdomo haujafunguka.

"Tata amesema kweli," alisema. "Ni mashini za kufua. Ile inapiga ni ya tatu. Kila posho, juma kwa juma, nilikuwa nabaambia roulement imekwisha, habakunisikia. Lakini nilikuwa mu bateau, mu meli, tata. Naapa. Myezi tisa kazi yangu ilikuwa mule."

"Basi ile bahari ulikuwa unaelezea mutoto yangu?" aliuliza Mama Adèle, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama... mi kule ku kazi bahari sikuiona."

Eh! Shangazi Charlotte alipiga makofi. "Muliisikia iyo? Muntu amekaa juu ya mayi myezi tisa, mayi hakuiona!"

"Nionyeshe foto," alisema Tata Donatien.

Josias akatoa simu yake. Ikapita mkono kwa mkono. Picha ya kwanza: barabara yenye miti pande zote mbili na maduka yanayong'aa. Ya pili: watu wamepanga foleni ya aiskrimu. Ya tatu: chemchemi inaruka katikati ya uwanja wenye maua, na juu yake balkoni, ghorofa juu ya ghorofa.

"Hii ni ville, muji muzima," alisema Shangazi Charlotte. "Tena iko kuliko Lubumbashi. Bahari iko wapi?"

"Iko inje, mama."

"Inje wapi?"

"Pande yote. Ile yote munaona iko ndani ya bateau. Ile miti iko ndani. Bantu elfu saba. Kuko kanisa, kuko teatre, kuko fasi batoto banateleza juu ya barafu. Unaweka kikombe ya chai juu ya meza, haitikisike ata. Unaweza kulala mule posho nzima, ukalamuka, usijue kama uko juu ya mayi."

"Na bageni?" aliuliza Tata Ntambwe, ambaye naye sasa alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. "Balilipa banaona nini?"

"Beko na piscine, tata, mayi yake haina chumvi. Viti inazunguka ile piscine, na kila moya eko naangalia piscine. Bahari beko naipa mugongo. Nilipanda kule mara moya, siku muzungu alitapika mu taulo bakaniita kubeba. Nikaangalia chini. Tata, iko mbali! Ni sawa kusimama juu ya karyeri ya kuchimba shaba, unaangalia shimo: unaona rangi, hausikie kitu. Ata harufu haifike. Kisha bakanirudisha. Mi nilikuwa ku etaji ya pili, ghorofa ya chini ya mayi. Dirisha hakuna. Paka mashuka tu na mashini. Juu ya ile njo nimekuwa hivi." Akaonyesha mikono yake iliyopauka.

"Uwongo," alisema Shangazi Charlotte.

"Hapana," alisema Tata Donatien.

Wote walimgeukia. Mzee alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja, kama afanyavyo akiwaza. "Mi miaka makumi tatu niko ku moulin, ku kinu. Bantu balikuwa banakuya: Donatien, we ni muntu ya mine, tuelezee shimo. Shimo niliiona mara mbili tu, tena siku ya fête, ya sikukuu. Mawe inafika ku tapi, mukanda ya mashini, inapita, inaenda. Nilijua mashini, basi. Shaba njo ilikula maisha yangu, lakini fasi ile inatoka, ile shimo, ni bengine balijua." Akamwelekeza kidole Josias. "Huyu alikuwa kule. Muntu ya uwongo angesema mashini zilikuwa muzima."

Unaona mambo? Mzee aliyeikataa ile ndoa miezi tisa ndiye alikuwa amegeuka wa kwanza. Tata Ntambwe akanyoosha mkono kidogo kuelekea kreti.

Lakini Abigaëlle alikuwa amesimama.

"Munisamehe, tata," alisema, na akapita katikati ya wageni, akatokea mlango wa nyuma.

Josias aliinuka nusu, akakumbuka yuko wapi, akaketi tena. Mchumba harandarandi kwenye lupango la wakwe bila ruhusa.

"Enda," alisema Tata Donatien. "Mi haukunidanganya, sikukusikilizaka. Njo yeye ulidanganya."

Abigaëlle alikuwa amesimama kando ya mapipa ya maji, mgongo ukutani. Sufuria ya tomsoni ilikuwa inachemka juu ya makaa na hakuna aliyekuwa anaiangalia. Alimsikia Josias akija, nyayo zile zile, na alichukia kwamba mwili wake ulifurahi.

"Usinikaribie."

"Nimesimama."

"Simama ata kule."

Akarudi hatua mbili. Miezi tisa walikuwa wameisubiri saa hii, na sasa ilikuwa imekuja ikiwa na pipa la maji katikati yao.

"Ile samaki kubwa," alianza Abigaëlle, "yenye ilikuwa inaruka, unasema inacheka sawa mutoto. Ile uliona?"

"Hapana."

"Nyota zenye zilishuka mpaka mu mayi?"

"Hapana, Abi."

"Sasa nani aliona?"

"Nilikuwa nalala chumba moya na Mufilipino. Yeye kazi yake ni kamba, eko inje kila siku. Mangaribi akirudi namuuliza: leo bahari ilikuwa namna gani? Ananiambia. Mi nakuambia."

"Kwa hiyo mi nilikuwa napendwa na Mufilipino!"

"Abi..."

"Myezi tisa nalala na maneno ya Mufilipino chini ya mutwe sawa muto! Hakuna shida, umulete basi, nimuone, ye njo anioe!"

"Eko na bibi na batoto tatu," alisema Josias kwa unyonge, na kidogo tu, kidogo sana, kona ya mdomo wa Abigaëlle ilitikisika. Akaiuma.

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

"Najua."

"Haujui! Nilisimamisha batoto arobaini, Josias. Nilibaambia, fungeni macho, musikie kazi ya mikono ya Mungu. Banafunga macho! Banasikiliza mashini ya kufua! Kuko mumoja, Shekina, alilia juu ya buzuri yake." Machozi yakaja, ya hasira na ya yale mengine. "Mi ni mwalimu. Batoto banaamini kila kintu natoa mu kinywa. Uliniweka uwongo mu kinywa."

Josias aliinamisha kichwa. Alisimama pale, mikono inaning'inia.

"Kwa nini haukusema kweli?"

"Posho ya kwanza uliniuliza, bahari iko namna gani? Ulikuwa nacheka. Abi, kule chini hakuna muntu anacheka. Masaa kumi unakunja mashuka, masaa kumi tena unakunja. Nikasema, nikimuambia niko mu shimo bila dirisha atanihurumia, na mi sikutaka huruma, nilitaka ile kicheko. Nikasema, posho ingine nitasema kweli. Na ingine. Kisha uwongo ikakuwa murefu, sikuona fasi ya kuishukia."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Yangu ilikuwa na myezi tisa."

Malori mawili yalipita, na wote wawili wakasubiri yapite ili waendelee kugombana. Vumbi likashuka juu ya shati jeupe la Josias.

"Siku moya niliiona," alisema ghafla.

"Nini?"

"Bahari. Myezi saba ilikuwa imepita. Tulifika ku kisiwa kimoya kadogo, bateau ilishindwa kuingia juu ya bukubwa yake, ikasimama mbali. Bakatupa masaa ine ya kutembea. Bakatushusha mu kamashua kadogo, bantu makumi mbili. Abi! Kile kintu kiliruka! Mayi ikanipiga mu uso, chumvi ikaniingia mu macho, mu pua. Tumbo ikapanda. Nikatapika mu kofia yangu ya kazi, mbele ya bantu yote. Nilishika mukono ya mama mumoja simujui, nalia sawa mutoto. Nikageuka nikaona bateau yetu, kubwa, imetulia sawa nyumba. Nikasema, kumbe myezi saba niko juu ya mayi hii, hii nyama ya pori, na sikuisikia ata siku moya."

Abigaëlle alikuwa amesahau kufuta machozi. "Ile haukunitumia."

"Ningekutumia nini? Matapishi?"

"Ee!" alisema kwa nguvu hata kifuniko cha sufuria kikaonekana kushtuka. "Ile njo ningepokea! Ungeniambia, Abi nimetapika, Abi nimeogopa, Abi niko mu shimo nanuka sabuni. Mi bahari nitaifanyia nini? Nilikuwa nakuuliza bahari sababu sikujua namna ya kukuuliza: uko muzima? Unakula? Unanifikiri? Nilitaka we, Josias. Ukanitumia Mufilipino."

Josias alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yaliyopwaya ndani ya shati yalitikisika. Abigaëlle alimwangalia, na kila kitu ndani yake kilitaka kuvuka lile pipa na kumshika. Lakini alikuwa binti wa Tata Donatien. Akachukua mwiko, akageuza tomsoni waliokuwa wameanza kushika chini, akavuta pumzi.

"Utarudi kule?" aliuliza bila kugeuka.

"Kontrati imekwisha. Balinipa ingine, sikusaini. Bakanitumia karatasi hadi juzi. Sisaini."

"Futa uso. Tuingie."

Ndani, watu walikuwa wametoka jasho mpaka kwenye kope. Abigaëlle alipiga magoti mbele ya baba yake, na mzee akauliza kama desturi inavyotaka: "Mwana, huyu muntu unamujua?"

Tata Ntambwe alikuwa tayari ameshika kifungulio.

"Tata," alisema Abigaëlle, "ule wa simu simujui. Huyu wa leo nimeongea naye dakika makumi mbili. Nipe mpaka lundi, Jumatatu. Akuye ku masomo, asimame mbele ya batoto yangu, abaambie kweli na kinywa yake. Kisha nitajibu."

"Lundi!" Tata Ntambwe aliangalia chupa, akaangalia dirisha lililofungwa. "Mwana, na hii joto?"

"Lundi," alisema Tata Donatien, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka. "Mama Adèle, bape bantu mayi."

Jumatatu saa nne, watoto arobaini wa darasa la tano walisimama kwa pamoja na kuimba "Bonjour, monsieur!" mpaka bati likaitika. Josias alikuwa mbele ya ubao akiwa amevaa shati lile lile, limefuliwa na kunyooshwa kwa ustadi wa mtu aliyefua mashuka ya watu elfu saba. Abigaëlle alikwenda kukaa nyuma kabisa, kwenye benchi ya mwisho, magoti yake yakigonga meza ya kitoto.

Aliwaambia yote. Alisema ile sauti ilikuwa mashine ya tatu. Darasa likapiga kelele kama uwanja wa mpira, na Shekina, yule aliyelia, akakunja mikono na kumtazama kwa jicho baya. Alisema meli ilikuwa kubwa mpaka ikasahau kama kuna maji. Alisimulia kisiwa na kile chombo kidogo. Alipofika kwenye kofia, mtoto mmoja alianguka kwenye benchi kwa kicheko.

Shekina akainua kidole. "Monsieur, sasa bahari ya kweli iko na sauti gani?"

"Sijui kuiiga. Nilikuwa natapika."

"Na kwa nini ulidanganya madame?"

Josias alitazama juu ya vichwa arobaini, mpaka benchi ya mwisho. "Niliogopa atachoka kunisikiliza."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi."

Kisha Gradi, ambaye hakuna siku inapita bila kuadhibiwa, akasimama na kudai haki yake. "Madame! Sisi tukidanganya unatupa punition. Na ye apewe!"

"Punition! Punition!" Meza zikapigwa.

Abigaëlle aliinuka. Alipita katikati ya benchi, polepole, na kila hatua ilikuwa inamtia aibu na kumfurahisha. Alichukua chaki mezani, akaiweka ndani ya kiganja cha Josias. Vidole vyao viligusana kwa mara ya kwanza baada ya miezi tisa, na yeye hakuviondoa haraka kama mwalimu anavyopaswa.

"Bakidanganya, banaandika ku ubao mara mia," alisema. "Andika nasema. Sitadanganya..."

Josias akaandika. *Sitadanganya.*

"...tena..."

*Tena.*

"...bibi yangu."

Chaki ilisimama. Darasa lote liliona mgongo wa shati jeupe ukisimama nao. Josias aligeuka, uso wake wazi kabisa.

"Madame," alisema kwa sauti ndogo, "mi siko na bibi."

"Andika vile nasema. Hii njo jibu ya tata."

Akageukia ubao. Herufi zikapinda, na Shekina akasema kwa sauti kwamba huyu monsieur hajui kuandika. Aliandika mstari wa kwanza, akaandika wa pili. Alipofika wa kumi na mbili kengele ya mapumziko ililia, na hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka nje.